Utumbo wa Mama Chini ya Hadubini

Watu wa mtaani kwetu Bel-Air wakimtaja binti yangu husema "docteur wa nyama", nami siwasahihishi, ingawa kusahihisha watu ndiyo kazi iliyonilisha maisha yangu yote. Cathy ni daktari asiyeshika mgonjwa. Haning'inizi kifaa cha kusikilizia moyo shingoni, haandiki dawa, na ukimwambia kichwa kinakuuma atakuambia unywe maji ukalale. Yeye huletewa vipande vya miili ya watu, vikakatwa vyembamba kupita karatasi, vikatiwa rangi, akavitazama kwa hadubini, kisha akasema huu ni ugonjwa gani na unakusudia kufanya nini. Akina mama wa kanisani walikuwa wakinionea huruma, eti mtoto amesoma miaka yote hiyo mpaka Dakar na hana hata mgonjwa mmoja. Niliwajibu kwamba daktari wao anayewaandikia dawa za kansa husubiri kwanza neno la mwanangu. Niliwajibu kwa ile sauti ninayotumia uwanjani kengele ikilia, wakaniacha.

Mimi ni Régine Kapinga, directrice, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya msingi kule Katuba. Sisi ni Baluba wa Kasai. Baba yetu alikuja Lubumbashi kuwa karani wa reli, akatusomesha mimi na kaka yangu Zéphirin kwa ukali usio na mapumziko. Zéphirin akawa mwanasheria. Cathy akatupita sote. Kwa hiyo ukiona naringa katika habari hii, usishangae, naringa kweli.

Mwaka jana nilianza kuona damu chooni na kuchoka kabla ya saa nne asubuhi. Daktari Kunda, mpasuaji wa hospitali, alinikata kipande cha utumbo mpana chenye uvimbe. Nilipoanza kukaa kitandani na kugombana na wauguzi, alikuja akavuta kiti.

"Maman Directrice, ilikuwa kansa. Tuliitosha yote. Ilipita mu ukuta ya utumbo, lakini ku ganglions, zile tezi za pembeni, haikufika. Docteur Chama wa ku labo aliangalia muzuri."

"Basi nimepona."

"Siyue bado," alisema, na hapo hapo nikampenda, kwa maana ni wachache wanaojua kusema sijui. "Kuko kansa zenye kurudia, na kuko zenye hazirudie, na kwa macho zinafanana tu. Kama ni muntu mwingine, ningemupatia dawa ya chimio bila kuwaza mara mbili. Lakini moyo yako iko zaifu tangu utoto. Ile dawa inaweza kukuua mbele kansa ikuue. Na kama sikupatie, na iko ile yenye kurudia, nitajilaumu. Minataka kwanza kuyua protéines za ile tumeur."

"Nani anaangaliaka ile?"

Daktari Kunda alitazama viatu vyake. Katika maabara yao ni mtu mmoja tu aliyejifunza kusoma protini hizo za uvimbe.

"Ni Cathy," akasema.

Sasa nieleze jambo ambalo mgeni asingelielewa. Kwetu Baluba mtoto haoni uchi wa mzazi wake. Hafui nguo yake ya ndani, haingii chumbani mwake bila kuitwa. Akivunja mwiko huo ni tshibindi, na tshibindi huleta maradhi na mikosi mpaka isafishwe kwa mbuzi. Hata sisi tuliosoma, tunaokunywa chai kwa sahani ya kikombe, jambo hilo hatulichezei. Na mwenye neno la mwisho ni kaka wa mama, ambaye kwetu ni mama wa kiume. Mama wa kiume wa Cathy ni Zéphirin.

Alikuja nyumbani Jumapili baada ya misa, koti limefungwa vifungo vyote, akakaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu bila kuombwa.

"Régine, mutoto haone hata mugongo ya mama yake. Na huyu atakamata matumbo yako, atayaweka ku mwangaza, ataangalia ndani? Miye nakatala."

"Yaya," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "matumbo ilishatoka. Iko mu chupa."

"Chupa haibadilishe mama."

Cathy alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono mapajani, kama anavyotakiwa kukaa mbele ya mjomba wake. Ana miaka thelathini na nane na anafundisha chuo kikuu, lakini pale alikuwa mtoto tu.

"Oncle," alisema, "ningeweza kuangalia bila kusema. Ku labo kunaingiaka numéro, jina haiingie. Lakini sikutaka kumuibia Mama kitu yake. Njo maana naomba ruhusa."

"Batume ku Johannesburg."

"Yibu itakawia, Oncle. Kama chimio inahitajika, inapaswa kuanza mbio. Ikianza nyuma, haina faida tena."

Zéphirin alisema atapiga simu Mbuji-Mayi awaulize wazee. Akapiga. Wazee nao wakataka kwanza waonane na wazee wengine. Jumapili ya pili ikafika, maneno ni yale yale, chai ile ile, na mimi nikifikiri kuhusu kansa ambayo huenda ilikuwa inasikiliza mazungumzo yetu na kucheka. Nikapiga meza.

"Yaya, huu mwili ni yangu. Miye njo nampatia mutoto ruhusa. Na kama kuko mbuzi ya kulipa, nitalipa miye."

"Mukosaji njo analipaka."

"Basi mukosaji ni miye. Cathy, kesho uende ukaangalie."

Kaka yangu alisimama, akavaa kofia. Akasema hatakanyaga nyumba hii mpaka mambo yasafishwe, na akaenda zake bila kumaliza kikombe. Nilimpenda kaka yangu na nilitamani kumrushia kile kikombe, vyote kwa wakati mmoja.

Siku chache baadaye nilikuwa uani nikibambua karanga, Cathy akaingia mapema kuliko kawaida. Hakuvua viatu. Alikaa chini karibu yangu akachukua karanga, akaanza kubambua bila kula.

"Kioo ya kwanza yenye nyama yako ilitoka, Mama. Mu tumeur, protéine moya haionekane."

"Ni muzuri ao ni mubaya?"

"Kama ni kweli, ni muzuri sana. Kansa ya ile namna, kama haiyafika ku ganglions, kwa bantu mingi hairudie. Na chimio yetu haingekusaidia na kitu."

Nilishaanza kuinuka nipige vigelegele. Akanishika kitenge.

"Ikala kwanza. Ile kioo siyo ya kuamini."

Akanieleza. Katika kila kipande cha uvimbe hubaki pembeni sehemu za nyama nzima, isiyo na ugonjwa. Nyama nzima huwa na protini hiyo siku zote, kwa hiyo rangi ikimwagwa lazima ishike na kuwa kahawia. Ukiona nyama nzima imekuwa kahawia na uvimbe haukushika, basi kweli uvimbe umekosa protini. Lakini kwenye kioo changu hata nyama nzima haikushika rangi. Hilo nililielewa upesi. Darasa zima likipata sifuri kwenye imla, hata yule anayeongoza kila mwezi, huwalaumu watoto, unamtazama aliyesoma imla.

"Na nani aliharibu?"

Alibambua karanga moja zaidi. Kisha akaniambia. Dieumerci, fundi wao wa kukata, mtu mzima mwenye mvi, Muluba kama sisi, alichagua kipande kizuri kabisa cha uvimbe wangu akakiweka kando kwenye formoli, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, akisema hiki ni cha Mama wa Docteur, hakikatwi mpaka familia ikubaliane. Kila asubuhi alikitazama na kukiacha. Alifanya hivyo kwa heshima. Formoli ikazidi muda wake, ikazifunga protini zote, za nyama nzima na za uvimbe, hata rangi isipate pa kushika.

Nilikusanya maganda ya karanga mapajani. Unajua nilichokuwa nikifikiri? Nilifikiri kwamba yeye peke yake ndiye aliyekiona kioo kile. Angeweza kuniambia mama umepona, tukapika kuku, nikalala usingizi wa amani miezi mingi. Daktari Kunda angefurahi, maana hakutaka kunipa ile dawa. Hakuna ambaye angemwuliza kitu. Badala yake mwanangu alivuka mji mzima kwenye vumbi la Septemba kuja kuniambia mimi, mama yake, kwamba habari njema aliyoiona haifai. Nimewapa zawadi watoto wengi kwa kupata alama za juu. Sijawahi kumwonea mtoto fahari kama nilivyomwonea yule aliyekaa pale chini, viatu miguuni, akininyima furaha ambayo hakuwa na uhakika nayo.

Zéphirin alipata habari, sijui kwa nani. Akapiga simu.

"Umeona? Bakubwa bamefunga macho ya mutoto. Hata rangi inakatala kuonyesha mutoto tumbo ya mama yake."

"Kama bamefunga macho, kosa aliiona na nini?" nilimwuliza. "Na ile yenye kuharibu nyama ni shiye, Yaya. Ni Jumapili zetu na chai yetu."

Akakata simu. Mwanasheria mzima.

Ilibaki njia moja. Daktari Chama, mkubwa wa maabara, aliyekuwa amesoma uvimbe mara ya kwanza, alikuwa na kipande chake kilichoandaliwa siku zile zile za upasuaji na kufungwa ndani ya nta. Kipande hicho hakikungoja familia. Ila kilikuwa kimekatwakatwa sana, na uvimbe uliobaki ndani ya nta ulikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Cathy alisema wazi: panatosha kujaribu mara moja. Kikiharibika, daktari Kunda atalazimika kuamua gizani, anipe dawa au aniache.

"Basi nitakuwepo," nikasema. Alikataa. Nikamwambia kwamba utumbo ni wangu, na kama wazee wa Mbuji-Mayi walishirikishwa, mimi nitakosaje?

Maabara yenyewe ni ndogo, inanuka siki na kitu kikali kinachochoma pua. Nje jenereta ilikuwa inanguruma kwa sababu umeme ulikuwa umeenda. Dieumerci alisimama mbele ya mashine ya kukatia, glavu mkononi, hakuweza kunitazama.

"Maman Directrice, munisamehe. Na tena munipe ruhusa. Bila ruhusa yenu sitaweza kukata."

"Kata, baba," nikamwambia. "Ni miye mwenyewe nasema. Kata, na usilegeze."

Akakata. Vipande vilitoka kama utando wa maziwa yaliyochemka, akaviacha vielee kwenye maji ya moto, akavipandisha kwenye vioo kwa ncha ya brashi. Nilitoka nje nikasubiri kwenye benchi. Kazi ya rangi huchukua saa nyingi, kuosha, kungoja, kuosha tena, na mimi ni mtu nisiyejua kungoja. Niliomba rozari, nikasahihisha tangazo la ukutani lililokuwa na makosa mawili, nikaomba tena.

Jua lilipoanza kushuka Cathy alifungua mlango. Alinikalisha mbele ya hadubini, akanirekebishia lenzi.

Mwanzoni niliona ukungu. Halafu nikaona. Upande mmoja kulikuwa na vishimo vilivyopangwa vizuri, duara baada ya duara, vyote vya kahawia.

"Ile ni weye, Mama. Ni utumbo yako ya kweli, yenye afya. Rangi imekamata."

Akasogeza kioo. Vishimo vikavurugika, vikapandana, kama watoto walioachwa bila mwalimu, na havikuwa na kahawia. Vilikuwa vya buluu hafifu. Katikati yao na pembeni yao kulikuwa na vidoa vidogo vingi sana, vya kahawia, vimejazana.

"Na hii ni tumeur. Protéine haiko. Sasa hivi ni kweli."

"Na hizi ndogo ndogo?"

"Ni balinzi ya mwili yako." Sauti yake ilibadilika. "Ile protéine yenye inakosa, kazi yake ni kusahihisha makosa wakati seli inajikopia. Kama haiko, makosa inajaa. Seli inaanza kutengeneza protéines zingine za ovyo, zenye umbo mwili haiyaonaka. Ile inafanya kansa izaliwe. Lakini ile ile inafanya balinzi bashituke, banaona bageni, banakuya bengi vile kupigana. Njo maana kansa ya ile namna mara mingi haifike mbali. Utaishi, Mama. Siwezi kuapa, lakini kama ungekuwa muntu nisiyemuyua ningesema vile vile."

Daktari Chama aliingia, akavua miwani, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alimwinamishia binti yangu kichwa, yeye mzee aliyemfundisha. "C'est du beau travail, Docteur," akamsifu kwa kazi nzuri. Nililia. Sikulia kwa sababu nitaishi, hilo lilikuwa halijaniingia bado. Nililia kwa sababu ya neno docteur, lilivyosemwa.

Tukabaki wawili. Cathy alizima taa ya hadubini na kuvuta kigoda.

"Kuko kitu ingine. Protéine ile yako inaitwa MSH2. Kama ile inakosa, mara mingi kosa haianzie mu tumeur. Muntu anazaliwa nayo. Inaweza kuwa mu famille."

Nikamkumbuka baba. Alikufa kwa tumbo kabla ya kufika miaka hamsini na tano, akatokwa na damu kama mimi, na Zéphirin aliapa kwamba mwenzake wa ofisini alimtilia kitu kwenye bia. Chuki hiyo kaka yangu ameibeba mpaka leo, na watoto wa yule mtu hatuwasalimii.

"Twende kwa Yaya," nikasema.

Kwa kuwa yeye aliapa kutokanyaga kwangu, tulimfuata sisi kwake Makomeno. Alitufungulia akiwa na kandambili, jambo lililonifanya nimwonee huruma kabla hata hatujakaa. Cathy alimweleza yote kwa utaratibu, sauti chini, macho chini. Alimweleza kuhusu kioo, na walinzi wa mwili, na mimi. Kisha akamweleza kuhusu damu. Kwamba yeye Zéphirin anapaswa kuingizwa kamera tumboni, na Élie, mwanangu wa pili aliye Mokambo, vile vile, na damu yetu sote itumwe nje ipimwe. Kwamba kitu hiki kikikamatwa mapema kinakatwa kikiwa bado kijipu.

Zéphirin aliuliza maswali kama yuko mahakamani. Aliuliza juu ya baba, akajibiwa kwamba haiwezekani kujua, lakini inafanana. Hapo akasugua magoti yake.

"Ule muzee wa bureau," akasema hatimaye, "alikufa miye nikimuita mulozi."

Mke wake alileta maji, akarudi jikoni.

"Na kama bakikuta kitu kwangu," akaendelea, "nani ataisoma?"

"Naweza kutuma kwa mwenzangu ku Dakar, Oncle. Nayua kwetu haifae. Weye ni mama yangu mwanaume."

"Nimekuuliza nani anayua kusoma, sikuuliza nani eko Dakar." Alimtazama moja kwa moja, na yeye Cathy, labda kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akainua macho yake kwa mjomba wake. "Usipatie yangu muntu mwingine. Umesikia? Yangu utasoma weye."

"Nimesikia, Oncle."

Nilidhani ndiyo imekwisha, nikaanza kutafuta mkoba wangu. Lakini kaka yangu alikuwa bado anamtazama, na niliona jambo likimfikia polepole, lile ambalo mimi mwenyewe, kwa kuringa kwangu kote, nilikuwa nimelisukuma mbali tangu maabarani: kwamba Cathy naye ametoka tumboni mwangu.

"Na yako weye, mwana," alimwuliza. "Yako nani atasoma?"

Cathy alitabasamu kidogo. "Bado hakuna, Oncle. Njo maana nimeanza kufundisha. Dieumerci anajifunza rangi, na kuko docteur moya, mwanamuke, nitamufundisha kusoma. Mwaka huu ataweza."

Nilimshika mkono wake pale mbele ya kaka yangu. Nilimwambia naogopa. Nilimwambia pia kwamba katika miaka yangu yote ya ualimu sijaona mtu wa kujivunia kama yeye, na nilivisema vyote viwili kwa sauti, mpaka mke wa Zéphirin akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini.